Kukata utando angavu kwa leza ya femtosekunde: mwongozo kamili wa ITO juu ya kioo

Skrini nyingi za kugusa, taa za OLED na seli za jua za perovskaiti hutegemea utando mwembamba unaopitisha nuru na umeme kwa pamoja, uliolazwa juu ya kioo. Utando unaotumika zaidi ni ITO, yaani oksidi ya indiamu iliyochanganywa na bati kidogo, na unene wake kwa kawaida ni kati ya nanomita 100 na 200. Kifaa hakitengenezeki mpaka utando huo ugawanywe: mstari mwembamba wa ITO uondolewe hadi kwenye kioo, upande wa kushoto usiwasiliane tena kiumeme na wa kulia, na kioo chenyewe kisiguswe.

Wengi wetu tumejifunza kuifanya kazi hii kwa tindikali. Unabandika utepe, unanyunyiza unga wa zinki, unadondosha tindikali ya haidrokloriki, unasuuza. Inafaa kwa sampuli za kujifunzia, ila mstari hutoka mpana na kingo zake hazinyooki. Leza ya nanosekunde, ambayo kila mpigo wake wa nuru hudumu sehemu za bilioni za sekunde, hutoa mstari mwembamba lakini huyeyusha kingo zikainuka. Leza ya femtosekunde, yenye mipigo mifupi zaidi mno, inaweza kutoa mstari wa mikromita 10 wenye kingo bapa, kwa sharti kwamba aliyekaa mbele ya mashine anajua kiasi gani cha nishati utando wake unahitaji ili ung'oke. Kiasi hicho ndicho kizingiti, na msimamo wangu ni kwamba kila mtu akipime mwenyewe, kwenye sampuli yake na kwenye mashine anayoitumia siku hiyo. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kipimo hicho.

Ninaandika nikimfikiria mwanafunzi wa uzamili au fundi aliyepata saa chache za mashine Pretoria, Jena, Hannover au kwingineko, mwenye vipande vichache vya kioo na asiye na nafasi ya kupoteza nusu yake kwa kubahatisha.

Nuru inakataje kitu kinachoipitisha?

Fotoni moja, yaani chembe moja ya nuru, ya urefu wa wimbi wa nanomita 1030 hubeba takriban elektronivolti 1.2. Ya nanomita 515 hubeba 2.4, na ya 343 hubeba 3.6. Pengo la nishati la ITO ni kama elektronivolti 3.5 hadi 4, hivyo fotoni moja ya kijani haina uwezo wa kuinua elektroni kulivuka pengo hilo. Inapita tu, na ndiyo maana utando ni angavu.

Hali hubadilika nishati inapobanwa katika muda mfupi sana. Femtosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara milioni bilioni. Mimina nusu jouli kwa sentimita mraba ndani ya femtosekunde 250, na ukali wa nuru unafika wati trilioni 2 kwa kila sentimita mraba. Hapo elektroni humeza fotoni mbili au zaidi kwa wakati mmoja. Elektroni zilizokwisha kuachiwa huendelea kunyonya na kuzigonga nyingine zikaachiwa pia. ITO ina elektroni huru nyingi tangu mwanzo, kioo hakina, na tofauti hiyo ni rafiki yako mkubwa katika kazi hii.

Elektroni zilizopata joto huhitaji pikosekunde kadhaa (kila moja ni femtosekunde elfu moja) kulihamishia kwenye atomi. Kufikia hapo mpigo umeshakwisha. Utando hung'oka kabla joto halijapata muda wa kutambaa pembeni, ndiyo maana kingo hazivimbi kama zinavyovimba kwa mipigo mirefu. Mipigo ya aina hii yenye nishati ya kutosha ilipatikana kwa mbinu ya Donna Strickland na Gérard Mourou ya mwaka 1985, ya kuurefusha mpigo, kuukuza, kisha kuubana tena. Mbinu hiyo iliwapa sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2018.

Jambo la kushika hapa ni kwamba unyonyaji wa fotoni mbili hufuata ukali wa nuru kwa kipeo cha pili. Punguza ukali nusu, unyonyaji unabaki robo. Kwa hiyo mpaka kati ya "hakuna kilichotokea" na "utando umeondoka" ni mkali, na kosa dogo katika kupima nishati au doa la mwale (mahali mwale unapotua) linakuvusha upande wa pili bila wewe kujua.

Kabla ya kuwasha: macho na mapafu

Leza hizi ni za daraja la 4, lile la hatari zaidi. Nanomita 1030 haionekani kwa jicho, lakini jicho huikusanya hadi kwenye retina kama linavyokusanya nuru ya kawaida, na huwezi kupepesa ili kujikinga na kitu usichokiona. Miwani iwe na kinga kwa urefu wa wimbi wa msingi na wa pili kwa pamoja, kwa sababu mashine inayotoa kijani mara nyingi huvujisha infraredi pia. Soma maandishi kwenye fremu ya miwani. Rangi ya lenzi haikuambii chochote. Vua saa na pete. Mwale uwe ndani ya kisanduku kilichofungwa kila inapowezekana.

Kuhusu mapafu watu huzungumza kidogo mno, nami naona ni kosa kubwa la mafunzo. ITO inayong'oka hugeuka chembe za nanomita zinazoelea hewani. Mwaka 2003 madaktari wa Japani waliripoti ugonjwa wa mapafu uliomuua mfanyakazi aliyekuwa akifanya kazi na ITO, na baada ya hapo wagonjwa wengine walijulikana. Kwa hiyo mdomo wa kifyonza hewa uwe sentimita chache kutoka kwenye doa, hewa ipite kwenye kichujio cha HEPA, na kisanduku kisifunguliwe mara tu leza inapozimwa. Sampuli zilizochongwa usizipulizie kwa mdomo.

Ukali ukizidi wati 10¹³ kwa sentimita mraba, tena kwa mipigo mingi kwa sekunde, leza za femtosekunde zinaweza kutoa miale ya eksi laini. Kazi tunayoieleza iko chini ya hapo. Ukitumia lenzi fupi sana, fanya hesabu upya.

Hatua ya 1: Ijue sampuli

Unahitaji kujua mambo matatu: unene wa utando, ukinzani wake, na kama ni wa fuwele (atomi zake zimejipanga kwa mpangilio) au la.

Unene una nguvu kuliko unavyodhani, kwa sababu nuru inayorudi kutoka juu ya utando hukutana na ile inayorudi kutoka kwenye kioo chini yake. Chukua ITO yenye kipeo cha mpindo (namba ya jinsi kitu kinavyoipinda nuru) cha 1.9 juu ya kioo cha 1.52, na leza ya nanomita 515. Unene ukiwa nanomita 68, ambao ni robo ya wimbi ndani ya utando, asilimia 17 hivi ya nuru hurudishwa. Unene ukiwa 135, nusu ya wimbi, hurudishwa asilimia 4 tu. Tando mbili za kemia ileile, kutoka kiwanda kilekile, hazipokei nishati sawa. Hii ni sababu ya kwanza ya kutoazima kizingiti cha mtu mwingine. Pima unene kwa elipsomita, inayotumia nuru inayorudi, au ondoa ITO ya kona moja kwa tindikali na upime ngazi iliyobaki kwa profailomita, inayopima kupanda na kushuka kwa uso.

Ukinzani wa utando wa biashara mara nyingi ni omu 10 hadi 15 kwa mraba. Uandike, utahitajika mwishoni. Suala la fuwele nitalirudia kwenye sehemu ya tindikali.

Usafi: maji na sabuni, asetoni, isopropanoli, kila kimoja dakika kumi kwenye beseni la mawimbi ya sauti, kisha kausha kwa naitrojeni. Alama ya kidole inatosha kuharibu kipimo.

Hatua ya 2: Pima nishati inayofika

Weka kipima nguvu baada ya lenzi ya mwisho, na kiweke mbali na fokasi, mahali mwale unapobanwa zaidi, ili usikichome. Namba inayoonyeshwa na programu ya leza ni nishati iliyotoka kwenye mashine, na vioo, kristali ya kubadilisha rangi na skana (vioo vinavyosogeza mwale) njiani huchukua sehemu yake. Nishati ya mpigo mmoja ni wati zilizopimwa zikigawanywa kwa idadi ya mipigo kwa sekunde. Miliwati 100 kwa mipigo 100,000 kwa sekunde ni mikrojouli 1.

Ukitaka kubadilisha nishati, tumia bamba la nusu wimbi na polaraiza. Usiguse mkondo wa umeme unaosukuma leza: ukiubadilisha, umbo la mwale na urefu wa mpigo navyo hubadilika, na vipimo ulivyochukua asubuhi havina maana tena mchana. Hivyohivyo ukitaka mipigo michache, tumia kichaguzi cha mipigo, na hakikisha nishati ya mpigo mmoja imebaki ileile baada ya kupunguza.

Mwenye mipigo ya femtosekunde 250 hana haja ya kuhofia kioo cha lenzi. Mpigo wa urefu huo hupita karibu bila kurefuka. Mwenye mfumo wa femtosekunde 30 katika nanomita 800 ana tatizo halisi. Milimita 40 za kioo cha silika peke yake hurefusha mpigo wake hadi kupita femtosekunde 130, na lazima aurekebishe kabla haujaingia kwenye lenzi.

Hatua ya 3: Tafuta fokasi

Kwanza kadiria doa. Kipenyo chake ni 4M²λf/(πd), ambapo λ ni urefu wa wimbi, f ni urefu wa fokasi wa lenzi, d ni kipenyo cha mwale unaoingia, na M² ni ubora wa mwale. Kwa nanomita 515, lenzi ya milimita 100, mwale wa milimita 5 na M² ya 1.2, kipenyo kinatoka mikromita 15.7, yaani nusu kipenyo w₀ ni 7.9. Kwa nanomita 1030 doa lingekuwa mara mbili. Hiyo ni sababu moja ya mimi kupendelea kijani kwa ITO. Sababu ya pili ni kwamba fotoni mbili za kijani zinatosha kuvuka pengo.

Kina cha fokasi, yaani umbali ambao doa halijapanuka sana, ni kama milimita 0.3 kila upande kwa mfano huu. Kioo cha sentimita 5 kilicholala kwa mwinamo wa milimita 0.1 kinavumilika. Mwinamo wa milimita 0.5 hauvumiliki.

Chora mistari mifupi ukishusha na kupandisha sampuli kwa hatua za milimita 0.1. Wengi hutumia nishati kubwa hapa, halafu huchagua mstari mwembamba zaidi. Kwa nishati kubwa mstari unaweza kuwa mpana zaidi nje ya fokasi kuliko ndani yake, na macho yakadanganyika. Tumia nishati inayozidi kidogo tu ile inayoacha alama. Mistari itaonekana katika eneo fulani la urefu na kutoweka juu na chini yake; katikati ya eneo hilo ndiyo fokasi. Rudia kwenye kona nne za sampuli.

Hatua ya 4: Pima kizingiti

Tuko kwenye kiini cha kazi. Mbinu inayotumika ulimwenguni kote ilichapishwa na mtafiti J. M. Liu mwaka 1982, na uzuri wake ni kwamba kwa kipimo kimoja unapata kizingiti na ukubwa halisi wa doa, hivyo huhitaji kuamini ukadirio wa hatua iliyotangulia.

Wazo lake ni hili. Mwale wa leza nzuri ni mkali katikati na hufifia pembeni kwa umbo la Gauss, linalofanana na kengele. Utando hung'oka pale tu ambapo msongamano wa nishati (nishati kwa kila sentimita mraba) unazidi kizingiti. Ukiongeza nishati, duara linalozidi kizingiti hupanuka, na upanuzi wake hufuata kanuni moja:

D² = 2w₀² ln(E/Ek)

D ni kipenyo cha tundu, E nishati ya mpigo, Ek nishati ya kizingiti.

Piga matundu ya mpigo mmoja mmoja, yasiyogusana. Kwa mipigo 1,000 kwa sekunde na kasi ya skana ya milimita 50 kwa sekunde, kila tundu litakuwa mikromita 50 kutoka kwa jirani yake. Kwa kila kiwango cha nishati piga safu ya matundu kumi au zaidi. Anzia kwenye nishati isiyoacha alama, panda kwa hatua ndogo hadi kama mara nane yake. Karibu na kizingiti chukua viwango vingi, kwa kuwa hapo ndipo mstari wa grafu huamuliwa.

Pima vipenyo kwa hadubini yenye lenzi ya kukuza mara 50 au 100. Kubaliana na nafsi yako tangu mwanzo ukingo wa tundu ni upi, maana utaona duara la nje ambapo utando umebadilika rangi bila kung'oka, na duara la ndani ambapo kioo kiko wazi. Ni vizingiti viwili tofauti, na vyote vina faida. Pima vyote, kila kimoja kwenye safu yake ya jedwali. Kwa kukata umeme, unachohitaji ni cha ndani.

Chora grafu ya D² dhidi ya logi asilia ya nishati. Ikitoka mstari ulionyooka, mwale wako ni mzuri. Mteremko wake ni 2w₀², na mahali unapokata mhimili wa chini ndipo Ek.

Tuseme mteremko umekuwa mikromita mraba 125. Nusu yake ni 62.5, kipeuo cha pili ni 7.9, na hiyo ndiyo w₀ kwa mikromita. Tuseme pia mstari unakata mhimili kwenye mikrojouli 0.2. Msongamano wa nishati katikati ya doa ni 2E/(πw₀²). Kwa w₀ ya 7.9, mikrojouli 1 inatoa takriban jouli 1 kwa sentimita mraba, hivyo kizingiti ni karibu 0.2 J/cm². Namba hizi ni za kuonyesha hesabu tu, zako zitatofautiana. Angalia ile 2 iliyo juu ya kanuni: wapo wanaoisahau na kutoa wastani badala ya kilele, na ndiyo maana vizingiti vilivyochapishwa kwa kitu kilekile wakati mwingine hupishana mara mbili. Ukisoma namba ya mtu, tafuta kwanza aliihesabu vipi.

Grafu ikipinda juu, sababu ya kawaida ni mwale wenye mkia mpana pembeni au fokasi iliyosogea. Ikipinda karibu na kizingiti, huenda umechanganya yale maduara mawili.

Baada ya mpigo mmoja, rudia kwa mipigo 2, 5, 10 na 100 mahali pamoja. Utaona kizingiti kinashuka. Kila mpigo, hata usiong'oa kitu, huacha kasoro ndogo ndani ya utando, na mpigo unaofuata hunyonywa kirahisi zaidi. Kanuni ambayo watafiti Jee, Becker na Walser waliitoa mwaka 1988 kwa metali hutumika sana hapa pia: kizingiti cha mipigo N ni kile cha mpigo mmoja kikizidishwa kwa N^(S−1), ambapo S ni namba ya kitu husika unayoipata kwenye vipimo vyako. S ikiwa 0.85, mipigo 10 inashusha kizingiti hadi asilimia 71, na mipigo 100 hadi 50. Kwa vitu angavu kushuka huko hufika mahali pakasimama, hivyo usiipeleke kanuni hii hadi mipigo elfu bila kupima.

Hatua ya 5: Kizingiti cha kioo, kisha chagua nishati

Geuza sampuli upande usio na ITO, au tumia kona uliyoisafisha kwa tindikali, urudie kipimo kilekile kwenye kioo kitupu, kwa mpigo mmoja na kwa mipigo kumi. Kizingiti cha kioo kitakuwa juu zaidi. Kati ya vizingiti viwili hivi ndimo unamofanyia kazi, na upana wa nafasi hiyo ndio unaokuambia kama kazi itakuwa rahisi au ngumu. Anayepima ITO peke yake anajua sakafu bila kujua dari.

Ndani ya nafasi hiyo, nishati ipi? Eneo linalong'olewa kwa kila jouli hufuata ln(x)/x, ambapo x ni uwiano wa msongamano wa nishati kwa kizingiti. Kilele chake kiko x ikiwa 2.7. Kwa mfano wetu hiyo ni kama 0.54 J/cm², na tundu linatoka na kipenyo cha mikromita 11.2. Naipenda nukta hii kwa sababu nyingine pia: upana wa tundu hufuata kipeuo cha pili cha ln(x), kwa hiyo hapa leza ikiyumba asilimia chache, upana wa mstari haubadiliki sana. Ukifanya kazi karibu na kizingiti, kuyumba huko huko hukatisha mstari.

Hatua ya 6: Chora mstari

Umbali kati ya mpigo na mpigo ni kasi ikigawanywa kwa idadi ya mipigo kwa sekunde. Kwa mipigo 100,000 na milimita 300 kwa sekunde, umbali ni mikromita 3, na kila nukta ya mstari hupokea mipigo mitatu hadi minne. Kingo za mstari ni mfululizo wa matao ya maduara. Kwa tundu la mikromita 11.2 na hatua ya 3, meno ya ukingo yana kina cha mikromita 0.2. Hatua ikiwa 6, yanafika karibu 0.9. Kwa seli ya jua yote mawili yanafaa. Kwa skrini yenye mistari iliyosongamana nenda na 3.

Mwelekeo wa polaraizesheni, yaani uelekeo ambao wimbi la nuru hutikisika, husahaulika sana. Karibu na kizingiti leza huacha mistari midogo ya mawimbi chini ya bonde (mfereji uliokatwa), ambayo mara nyingi hulala kwa kukatisha uelekeo wa polaraizesheni. Mtafiti Birnbaum aliiona tangu 1965 kwenye semikondakta. Kwenye ITO mistari hiyo inaweza kuwa nyuzi za ITO iliyobaki, nazo hupitisha umeme. Polaraizesheni ikienda sambamba na mstari wako, nyuzi hizo zitakatisha bonde kama madaraja, kutoka ukingo hadi ukingo. Zungusha bamba la nusu wimbi mpaka polaraizesheni ikatishe mstari, ili nyuzi zilale kwa urefu wa bonde. Kisha thibitisha kwa hadubini ya elektroni, kwa sababu utando mwingine hukiuka desturi hii.

Kifyonza hewa kivute kuelekea upande ambao mstari umeshapita, vumbi lisitue mahali panaposubiri kukatwa. Na skana ikianza au kusimama huenda polepole, hivyo mipigo hurundikana kwenye ncha na kuchoma kioo. Iambie programu ianze kusogea kabla leza haijafunguka, na leza ifungwe kabla skana haijapunguza mwendo.

Hatua ya 7: Pima ulichokata

Anza na umeme. Weka ncha za multimita pande mbili za mstari. Utando usiokatwa ungeonyesha makumi ya omu. Uliokatwa vizuri unapaswa kuvuka upeo wa mita ya kawaida, megaomu 20 au zaidi. Ukiona kiloomu, kuna daraja mahali fulani.

Pili, umbo. Profailomita au hadubini ya nguvu za atomu itakuonyesha kina cha bonde na urefu wa kingo. Kina kilingane na unene wa utando: kwa utando wa nanomita 135, bonde la 110 lina mabaki na la 180 limeingia kioo. Kingo zikaguliwe kwa ukali zaidi kuliko kina. Tabaka zinazofuata kwenye seli ya perovskaiti zinaweza kuwa na unene wa nanomita 20 hadi 50 tu, na ukingo ulioinuka nanomita 100 utazitoboa na kuunganisha kilichopaswa kutengana. Wengi hutafuta kosa kwenye kemia ya tabaka ilhali liko kwenye ukingo.

Mstari ukionekana safi lakini umeme unapita, chunguza kwanza polaraizesheni, kisha vumbi lililotua ndani ya bonde, kisha ncha za mstari kwenye ukingo wa kioo ambako utando umejikunja upande. Utando ukibanduka kwa vipande vyenye kingo zilizochanika, umeshikana vibaya na kioo. Punguza nishati, tumia mipigo mingi zaidi. Kingo zikiwa za kahawia na zimevimba, ama nishati imezidi, ama mipigo inakaribiana mno kwa wakati na joto linarundikana; shusha idadi ya mipigo kwa sekunde kabla ya kushusha kitu kingine. Mstari ukikatika upande mmoja wa sampuli tu, rudi kwenye hatua ya 3.

Jaribu pia kupiga kutoka upande wa kioo. Nishati hapo hunyonywa karibu na mahali utando unapogusana na kioo, na utando husukumwa nje. Kwa tando nene njia hii inaweza kutoa bonde safi kwa mipigo michache. Kioo kiwe safi pande zote mbili, na kumbuka kwamba unene wake husogeza fokasi.

Hatua ya 8: Tindikali na leza kwa pamoja

Leza na tindikali zinafanya kazi vizuri zikisaidiana, kwa namna mbili.

Ya kwanza ni kusafisha. Mstari ukishakatwa, mzamo mfupi kwenye tindikali ya haidrokloriki iliyochanganywa na maji mengi huondoa chembe na nyuzi zilizobaki bondeni. Tindikali hiyohiyo inakula utando mzuri, kwa hiyo jaribu muda kwenye kipande cha kutupa, pima ukinzani kabla na baada, na usimame pale ukinzani unapoanza kupanda.

Ya pili naiona nzuri zaidi, nayo inahitaji ITO isiyo ya fuwele, ile iliyowekwa bila kupashwa joto. ITO ya namna hiyo huyeyuka kwenye tindikali dhaifu ya oksaliki, lakini ikishageuka fuwele tindikali hiyo huigusa kwa shida. Hivyo, badala ya kung'oa unachotaka kuondoa, unapitisha leza chini ya kizingiti cha kung'oa juu ya kile unachotaka kibaki, inageuka fuwele, kisha unazamisha sampuli yote. Hapa ndipo lile duara la nje la hatua ya 4 linapolipa: kizingiti chake kinakuonyesha wapi utando huanza kubadilika, na kile cha ndani wapi huanza kupotea. Fanya kazi katikati ya hivyo viwili. Hakuna vumbi la indiamu, kingo hazina kuta zilizoinuka, na kioo hakipati pigo lolote kali.

Kioo cha silika kina njia inayofanana, ambapo leza hubadilisha silika bila kuing'oa, kisha sehemu iliyobadilishwa huliwa haraka zaidi. Dawa inayotumika huwa potasiamu haidroksidi ya moto au tindikali ya haidrofloriki. Anza na potasiamu haidroksidi. Tindikali ya haidrofloriki hupenya ngozi bila kuuma mara moja na hushambulia kalisi ya mwili. Isifunguliwe kwenye maabara isiyo na jeli ya kalisi glukonati mezani, glavu zinazofaa, na mtu wa pili aliyefundishwa kuitumia.

Baada ya tindikali yoyote suuza kwa maji yaliyosafishwa mara tatu, kausha kwa naitrojeni, kisha rudia hatua ya 7 yote. Maji ya suuzo ya kwanza yana indiamu. Yawekwe kwenye chupa ya taka za metali, yasimwagwe kwenye sinki.